Mafuta na sabuni salama bila kumgusa sungura: mwongozo kwa watengenezaji wadogo wa Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mama anayepika sabuni ya mawese kule Katuba, wa kijana anayechanganya mafuta ya kujipaka Kampemba, na wa yeyote mwenye bidhaa inayopendwa Soko la Kenya la hapa mjini ambaye sasa anataka iende mbali: iingie kwenye maduka makubwa ya katikati ya mji, ivuke mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia, au ifike Bruxelles kwa ndugu zetu wa mtaa wa Matonge kwa njia halali badala ya kufichwa ndani ya sanduku la msafiri. Huko kote kuna swali linalokungoja: umejuaje kwamba haidhuru?

Majibu mawili husikika sana. La kwanza ni "hii ni ya asili." Hata utupa wa kulewesha samaki ni wa asili. La pili ni "nilimpaka sungura," au, mara nyingi zaidi, "nilimpaka mtoto wa dada, hakuwashwa." Sungura mmoja wa nyuma ya nyumba hathibitishi kitu, na mtoto wa dada hakuzaliwa awe sungura wa mtu.

Sehemu kubwa ya kazi ya kuthibitisha usalama leo hufanyika kwenye karatasi, kwenye mizani na kwenye ukanda wa pH, kabla hujafika kwenye maabara ya bei ghali. Nitafuata mpangilio huo, kuanzia kisichogharimu kitu hadi kinachogharimu.

Kwanza, sheria inasemaje

Mwaka 1944 mtaalamu wa sumu wa serikali ya Marekani, John Draize, pamoja na wenzake, walichapisha njia ya kutia kemikali kwenye jicho na ngozi ya sungura na kutoa alama kwa wekundu, uvimbe na ukungu wa jicho. Njia hiyo ilitumika duniani kwa miongo mingi. Mwaka 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch wakapendekeza kanuni tatu ambazo bado ndizo msingi: pale inapowezekana weka njia nyingine mahali pa mnyama, ikishindikana, punguza idadi, na kwa waliobaki, punguza mateso.

Umoja wa Ulaya ulikataza kujaribu kipodozi kilichokamilika kwa wanyama mwaka 2004, ukakataza kujaribu viambato mwaka 2009, na tangu 11 Machi 2013 ni marufuku kuuza huko kipodozi ambacho chenyewe au viambato vyake vimejaribiwa kwa mnyama ili kutimiza sheria ya vipodozi. Sheria inayobeba hayo ni Kanuni namba 1223/2009. India ilifuata mwaka 2014, Australia 2020, Kanada 2023. China, ambayo kwa muda mrefu ilidai majaribio ya wanyama, ilianza Mei 2021 kuruhusu vipodozi vya kawaida kutoka nje viingie bila majaribio hayo, ikiwa vina cheti cha utengenezaji bora na tathmini ya usalama. Rangi za nywele, vya kuzuia jua na vya kung'arisha ngozi havimo katika nafuu hiyo. Marekani haina marufuku ya nchi nzima. Sheria yao mpya ya 2022 inamtaka mtengenezaji awe na ushahidi wa usalama, na njia ya kuupata wamemwachia mwenyewe.

Kwetu, mlango wa kwanza ni OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa. Nenda ukaombe, kwa maandishi, orodha ya vipimo wanavyodai kwa aina ya bidhaa yako. Neno la mdomo la kwenye korido halitakusaidia siku ya ukaguzi. Pia kumbuka kwamba Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya hiyo ina mfululizo wa viwango vya vipodozi uitwao EAS 377, wenye orodha za rangi, vihifadhi na vichujio vya jua vinavyoruhusiwa. Ukizifuata orodha hizo mapema, hutalazimika kubadilisha fomula kila unapovuka mpaka mpya.

Hatua ya 1: Andika fomula yote kwa asilimia ya uzito

Vikombe na vijiko wekea uji. Hapa kila kitu kipimwe kwa gramu na kigeuzwe asilimia, jumla itimie 100, maji yakiwemo. Kila kiambato kiandikwe kwa jina lake la kimataifa, lile linaloitwa INCI: mawese ni Elaeis Guineensis Oil, maji ni Aqua, siagi ya shea ni Butyrospermum Parkii Butter. Majina haya ndiyo ufunguo wa hifadhi zote za data utakazotumia baadaye.

Kisha dai karatasi tatu kwa muuzaji wa kila kiambato: fishi ya ufundi, fishi ya usalama (FDS) na cheti cha uchambuzi cha toleo (lot) ulilonunua. Kwa manukato, ongeza cheti cha IFRA, chama cha kimataifa cha manukato, kinachoonyesha asilimia ya juu inayokubalika kwa kila aina ya bidhaa. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, kwa sababu manukato ya sokoni humiminwa kutoka bidoni kubwa kwenda chupa ndogo isiyo na etiketi. Msimamo wangu ni mkali: kitu usichojua jina lake usikitie. Hakuna maabara duniani itakayokithibitisha kwa niaba yako, kwa sababu chupa ya mwezi ujao itakuwa na kitu kingine.

Hatua ya 2: Ondoa vilivyokatazwa, punguza vyenye kikomo

Kuna vitu ambavyo havihitaji kujaribiwa tena kwa yeyote. Zebaki ni kimojawapo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013, unaohusu zebaki, unazitaja krimu za kung'arisha, na ukifungua pakiti ukaona kalomeli au kloridi ya zebaki, ujue ni hiyo hiyo. Hidrokinoni imekatazwa Ulaya kwenye krimu za ngozi. Kotikosteroidi kama klobetasoli ni dawa ya daktari, haina nafasi kwenye kipodozi. Najua zinauzika. Najua pia mteja akikukuta umeacha kuzitia atahamia meza ya jirani. Lakini mtu anayeandika "haijajaribiwa kwa wanyama" juu ya krimu yenye klobetasoli anacheza na akili za watu.

Vingine vina kikomo tu. Fenoksiethanoli, kihifadhi kinachotumika sana, hakipaswi kuzidi 1% kwa kanuni ya Ulaya. Asidi ya sobiki na chumvi zake, 0.6%. Mafuta ya karanga, ambayo hapa kwetu hukamuliwa bila kusafishwa, yana mtego usiojulikana: Ulaya imeweka kikomo cha protini ya karanga kuwa sehemu 0.5 tu kwa milioni, kwa sababu ya mzio. Yale ya kukamuliwa kienyeji hayawezi kukupa uhakika huo. Tumia yaliyosafishwa yenye cheti, au badilisha.

Hatua ya 3: Pima pH kabla ya jambo lingine lolote

Mfumo wa dunia wa kuainisha kemikali, GHS, unasema kitu chenye pH ya 2 kushuka chini au 11.5 kupanda juu kihesabiwe kuwa chenye kuunguza, mpaka ushahidi mwingine ukanushe. Katika mpangilio wa hatua wa OECD (OCDE kwa wanaosoma Kifaransa), shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya vipimo, pH huangaliwa mapema kabisa. Maana yake ni kwamba ukanda wa karatasi wa bei ndogo ni kipimo halali kilichochukua nafasi ya mnyama, na ndicho cha kwanza kila mpika sabuni anapaswa kuwa nacho.

Kwa sabuni, chukua gramu 1, yeyusha kwenye gramu 99 za maji yaliyotoneshwa (eau distillée), kisha chovya. Sabuni iliyoiva vizuri husomeka karibu na 9 au 10. Ikikaribia 11, rudi jikoni. Mara nyingi kosa liko kwenye soda. Kilo 1 ya mawese inahitaji takriban gramu 141 za soda kostiki safi ili mafuta yote yageuke sabuni. Ukitaka kuacha asilimia 5 ya mafuta yalainishe ngozi, tumia gramu 134 hivi. Hesabu hiyo inadhani soda ni safi. Soda ya kupimiwa kwa kijiko kutoka gunia lililo wazi imeshanyonya unyevu na hewa, nguvu yake imepungua, na mpishi huongeza kwa macho. Siku akipata soda mpya akatumia kipimo kile kile cha macho, wateja wanachubuka mikono. Nunua iliyofungwa, ifunike mara moja, andika tarehe uliyoifungua. Acha vipande vikae wiki nne kwenye hewa kabla ya kuuza, hata mteja akilia.

Kwa mafuta ya mwili yenye maji, lenga pH kati ya 4.5 na 6, ambayo iko karibu na ya ngozi yenyewe. Vihifadhi kama benzoeti na sobeti hufanya kazi vizuri kwenye upande huo wa asidi. pH ikipanda, vipo kwenye fomula lakini havilindi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kiasi kinachoingia mwilini

Hapa ndipo penye moyo wa tathmini yote, na ndipo watengenezaji wadogo huruka. Sumu ni suala la kiasi. Kwa hiyo unalinganisha namba mbili: kiasi cha kiambato ambacho mwili wa mteja hupata kwa siku, na kiasi ambacho katika tafiti hakikuonyesha madhara. Namba hii ya pili kwenye faili za Ulaya huandikwa NOAEL.

Kamati ya kisayansi ya Ulaya inayoshughulikia usalama wa walaji, SCCS, huchapisha bure mwongozo wenye viwango vya matumizi. Kwa mafuta ya mwili wanahesabu gramu 7.82 kwa siku, sawa na miligramu 123.2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Kwa sabuni ya kunawa mikono wanahesabu gramu 20 kwa siku, lakini kwa kuwa huoshwa, wanachukulia inayobaki kwenye ngozi ni sehemu moja tu ya mia.

Chukua mfano. Kiambato fulani kiko 1% kwenye mafuta yako. Hujui kinapenya ngozi kiasi gani, basi unachukua 50%, ambayo ndiyo SCCS hutumia pasipo data. Piga: 123.2 mara 0.01 mara 0.5, unapata miligramu 0.616 kwa kilo kwa siku. Tuseme NOAEL yake ni miligramu 300 kwa kilo kwa siku. Gawanya 300 kwa 0.616: unapata 487. Kanuni ni kwamba jibu lisipungue 100. Hiyo 100 inatokana na kumi mara kumi: kumi kwa tofauti ya mnyama na binadamu, kumi kwa tofauti ya mtu na mtu. Umevuka kwa mbali. Kiambato hicho hicho kwenye sabuni kingekupa jibu la maelfu, na ndiyo maana sabuni husamehe mengi ambayo mafuta ya kujipaka hayasamehe.

Ila usimeze namba za Ulaya nzima nzima. Walipima wanavyojipaka watu wa kwao. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kiangazi cha Katanga ikipasua visigino, mtu wa hapa hujipaka asubuhi na jioni, na si kwa kidole kimoja. Zidisha matumizi mara mbili uone: mfano wetu unashuka hadi 243 na bado unasimama. Kama wako unaanguka chini ya 100, punguza asilimia ya kiambato sasa, wakati kufuta namba hakukugharimu kitu. Na bidhaa ya mtoto mchanga isipitishwe kwa hesabu ya mtu mzima. Ngozi yake ni nyingi kulinganisha na uzito wake, na eneo la nepi hupenyeza zaidi.

NOAEL unaipata wapi? Kwenye maoni ya SCCS, kwenye ripoti za Cosmetic Ingredient Review ya Marekani ambayo imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1976, na kwenye hifadhi ya ECHA, wakala wa kemikali wa Ulaya. Zote ni za bure. Mwanafunzi wa famasia wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, anaweza kukusaidia kuzisoma kwa malipo ya haki. Mlipe, usimwombe kama msaada.

Na tuseme ukweli ambao matangazo hayasemi: nyingi ya NOAEL hizo zilitoka kwa panya na sungura wa miaka iliyopita. Marufuku ya Ulaya hayakufuta data za zamani, yalizuia kuongeza wanyama wapya. Kutumia ushahidi uliopo ili usirudie jaribio ni njia mbadala inayokubalika, tena huokoa wanyama. Pia kuna mahali njia mpya bado hazijafika: kudhuru uzazi, na sumu ya kujilimbikiza kwa miezi, havina kipimo kimoja cha seli kinachoziba pengo lote. Mwaka 2023 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya iliikatalia kampuni ya Symrise ya Ujerumani, iliyokuwa ikipinga amri ya kufanya majaribio ya wanyama kwa vichujio viwili vya jua, kwa hoja kwamba sheria ya jumla ya kemikali inasimama kando ya ile ya vipodozi. Kwa mtengenezaji mdogo somo lake ni jepesi: usikimbilie kiambato kipya kabisa. Chagua chenye historia na faili nene.

Mimea yetu ya kienyeji ndiyo ngumu. Majani uliyoyachemsha mwenyewe hayana NOAEL, na kemikali zake hubadilika kwa msimu na udongo. Kama mmea huliwa kama mboga, hiyo ni hoja nzuri kuhusu sumu ya ndani ya mwili, ingawa haisemi lolote kuhusu mzio wa ngozi. Kama ni mzizi wa mganga ambao haujaandikwa popote, ubaki kwa mganga.

Hatua ya 5: Nunua vipimo vya maabara unavyohitaji tu

Ikiwa viambato vyako vyote vinajulikana na viko chini ya vikomo, bidhaa yako inaweza kuhitaji kipimo kimoja au viwili tu vya aina hii. Maabara itakuuzia kumi ukiwaachia. Kwa hiyo jua kila kimoja kinajibu swali gani.

Kuwasha ngozi. Mwongozo wa OECD namba 439, wa mwaka 2010, hutumia ngozi iliyooteshwa maabarani kutokana na seli za binadamu, mara nyingi mabaki ya upasuaji. Bidhaa hupakwa juu, huoshwa, tishu huachwa saa 42, kisha hutiwa rangi iitwayo MTT ambayo seli hai huigeuza zambarau. Zikibaki hai 50% au pungufu, kitu hicho kinawasha. Wapika mawese, sikilizeni: rangi nyekundu ya mawese inaweza kuchanganya usomaji wa ile zambarau. Waambieni maabara mapema, nao wataweka tishu za ziada za kusahihisha rangi. Usipowaambia, unaweza kulipia jibu lisilo na maana.

Kudhuru macho. Kinahusu shampuu, sabuni ya uso, vipodozi vya kope. Namba 437 na 438 za mwaka 2009 hutumia macho ya ng'ombe na ya kuku yaliyotoka machinjioni, wanyama waliochinjwa kwa nyama na si kwa jaribio. Namba 492 ya mwaka 2015 hutumia tishu ya jicho iliyooteshwa. Kama mnunuzi wako anataka bidhaa isiyohusiana kabisa na mnyama, chagua hiyo ya mwisho, maana wengine watauliza hata kuhusu jicho la machinjioni.

Mzio. Zamani alitumika simbilisi (cobaye), baadaye panya. Leo swali limegawanywa vipande, kwa sababu mzio hujengwa kwa hatua: kemikali hushika protini ya ngozi (namba 442C), seli za ngozi hushtuka (442D), kisha seli za kinga huamka (442E). Mwongozo namba 497 wa mwaka 2021 unaeleza jinsi ya kuunganisha majibu. Katika mpango mmojawapo, vipimo viwili kati ya vitatu vikikubaliana, hilo ndilo jibu. Lakini hivi viliundwa kwa kemikali moja moja, si kwa krimu nzima. Anayekuuzia kipimo cha 442C juu ya mafuta yako yaliyokamilika anakula pesa yako. Kwa mzio, mtengenezaji mdogo hujilinda vizuri zaidi kwa cheti cha IFRA, kwa kupunguza manukato, na kwa kuandika vizio kwenye etiketi. Ulaya inataka limonene, linaloli na wenzao waandikwe vikizidi 0.001% kwenye vinavyobaki juu ya ngozi, au 0.01% kwenye vinavyooshwa. Hivyo viwili huwa vikali zaidi vikishaungana na hewa, kwa hiyo chupa ya mafuta ya ndimu iliyokaa wazi mwaka mzima itupwe.

Jua. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya bahari na jua letu halina utani. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka maganda ya baadhi ya matunda ya jamii ya machungwa, hasa bergamoti, yana kemikali zinazounguza ngozi zikipigwa na jua. Mwongozo namba 432 wa mwaka 2004 hulinganisha seli zilizowekwa gizani na zilizowekwa kwenye mwanga. Njia ya bei nafuu ni kununua mafuta ya bergamoti yaliyoondolewa kemikali hizo, au kuyaacha.

Jeni. Kipimo cha Ames, namba 471, hutumia bakteria kuona kama kemikali hubadilisha jeni. Hiki ni cha kiambato kipya. Kama ulifuata ushauri wa hatua ya 4, hukihitaji.

Kabla ya kulipa, uliza maabara mambo haya: namba ya mwongozo wa OECD wanaoufuata, kama wanafanya kazi chini ya kanuni za BPL (utendaji bora wa maabara), na kama ripoti itaonyesha vilinganishi, yaani vitu ambavyo jibu lake linajulikana tayari. Kwenye kipimo cha 439 kilinganishi kikali ni SDS, kemikali ya sabuni inayojulikana kuwasha, ya 5%, na kilinganishi kipole ni maji au maji ya chumvi. Ripoti isiyoonyesha kwamba SDS iliua tishu na maji hayakuziua, irudishe. Na usikubali mpango wa kuletewa ngozi hizo hapa. Hudumu siku chache tu zikiwa kwenye ubaridi, na forodha haina haraka. Sampuli yako ndiyo isafiri.

Hatua ya 6: Vijidudu

Kipengele hiki hakijawahi kuhitaji mnyama, na ndicho kinachoangusha bidhaa nyingi za nyumbani. Kiwango cha ISO 17516 kinataka vijidudu visizidi 1,000 kwa gramu, au 100 kwa vya watoto chini ya miaka mitatu na vya karibu na macho, na E. coli, Pseudomonas aeruginosa, Staphylococcus aureus na Candida albicans visionekane kabisa. Maabara ya bakteriolojia yenye uzoefu wa kupima maji na vyakula inaweza kufanya hesabu hiyo hapa hapa mjini. Maji ya kisima au ya bomba yasiingie kwenye krimu bila kutoneshwa. Kama hutaki kabisa vihifadhi, tengeneza pomadi isiyo na tone la maji: shea, nta ya nyuki, mafuta. Usiahidi krimu ya maji "bila kemikali". Itaota ukungu kabla haijatoka rafuni.

Hatua ya 7: Watu huja mwisho

Ngozi ya binadamu haitumiki kugundua hatari. Inatumika kuthibitisha kwamba bidhaa ambayo tayari karatasi, hesabu na maabara zimeipitisha inavumilika. Mpangilio huu ukigeuzwa, umemtoa sungura kwenye kizimba ukamwingiza jirani.

Jaribio la plasta mgongoni lifanyike chini ya daktari wa ngozi, kwa watu wazima waliosoma au kusomewa fomula na kutia saini kwa hiari, wenye haki ya kuacha saa yoyote, na likiwa la kitafiti lipite kwenye kamati ya maadili. Wafanyakazi wako wasiwe wa kwanza kuombwa: mtu anayekutegemea kwa mshahara hawezi kusema hapana kwa uhuru. Hali kadhalika binti wa kazi wa nyumbani. Wajawazito, watoto na wenye ukurutu wasiingie kabisa.

Hatua ya 8: Faili, etiketi na daftari la malalamiko

Kwa soko la Ulaya utahitaji mtu anayewajibika aliye ndani ya Umoja huo, taarifa ya bidhaa kwenye mfumo wao wa CPNP, na ripoti ya usalama iliyosainiwa na mtu mwenye shahada ya famasia, sumu, udaktari au fani ya jamii hiyo. Faili hukaa miaka kumi baada ya toleo la mwisho kuuzwa. Hata kama hutauza Ulaya, ipange hivyo hivyo: fomula, karatasi za wauzaji, pH ya kila toleo, hesabu za hatua ya 4, ripoti za maabara. OCC wakija utawapa folda badala ya maelezo.

Kuhusu maneno "haijajaribiwa kwa wanyama", Ulaya inayaruhusu tu ikiwa wewe na wauzaji wako hamjafanya wala kuagiza majaribio hayo, kwa bidhaa, kwa mfano wake wala kwa viambato, na hamkutumia viambato vilivyojaribiwa na wengine kwa lengo la kutengeneza vipodozi vipya. Ni sharti gumu. Kabla ya kuchapa etiketi, dai barua kwa kila muuzaji. Asiyejibu, acha maneno hayo; mteja wa Soko la Kenya anataka zaidi kujua tarehe ya kuisha na nini kimo ndani.

Kisha weka namba ya toleo kwenye kila chupa na kila kipande, na daftari karibu na kasha la pesa. Mteja akirudi na kusema "Mama, hii mafuta ilinichoma," andika tarehe, namba ya toleo, sehemu ya mwili, muda tangu ajipake, na vingine anavyotumia. Mrudishie pesa bila ubishi. Malalamiko mawili ya toleo moja yatoshe kulitoa mezani na kurudi kupima pH.